Reli ya Kiti

3 Februari

Kwako Fundi,

Hunijui. Anwani yako nimepewa na muuza baiskeli wa hapa kwetu. Aliitazama baiskeli yetu, akaizunguka, akacheka, kisha akaniambia: "Mama, hii kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani. Namjua mzee mmoja tu aliyekuwa akichonga vyuma vyake hukohuko kiwandani. Lakini usimpigie simu, hasikii. Mwandikie."

Basi nakuandikia. Ni ile aina ya Pumziko, ya kijani, ambayo mtu haipandi kama baiskeli za wenzake bali huiegemea: kiti kiko chini na kina mgongo, pedali ziko mbele, usukani mrefu unamfuata mtu mpaka kifuani. Majirani wanaiita sofa. Nami kazi yangu ni fundi wa makochi, kwa hiyo utani huo umeshanichosha masikio.

Kibano kinachokaza kiti kwenye reli yake kimevunjika. Kiti kimeganda nyuma kabisa, hakiendi mbele wala hakirudi. Mume wangu anauliza kama unacho kibano kingine. Yeye ni mrefu, huinama kila apitapo mlangoni, hata hiyo reli aliirefusha kwa mkono wake mwenyewe kwa kuchomelea kipande nyuma. Ana kazi nyingi siku hizi, ndiyo maana naandika mimi.

Ni mimi,
Mke wa mwenye baiskeli

14 Februari

Shemeji,

Naomba nikuite shemeji, kwa sababu kila mwenye Pumziko ni ndugu yangu. Tumebaki wachache, na hatuna hata chama cha kuzikana.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimekwenda stoo nikapekua, na kibano hiki hapa, nimekifunga kwenye gazeti. Mwambie ndugu yangu asikikaze kama anayemkaba mwizi. Kikaze mpaka kiti kisitikisike, basi.

Muuza baiskeli amekwambia kweli, masikio yangu yalibaki kiwandani kwenye mashine za kukereza vyuma. Lakini macho ninayo na miguu ninayo. Kila asubuhi natoka na Pumziko langu mpaka darajani na kurudi, nimeegemea kama mwenye nchi. Kiti chake tu ndicho kimechakaa, sponji imetoka nje, mgongo unajua.

Malipo sitaki. Mwambie aniandikie mwenyewe siku akipata nafasi.

Fundi

27 Februari

Kwako Fundi,

Kibano kimefika na kimekaa mahali pake. Mume wangu anashukuru sana.

Umekataa malipo, lakini mimi sikukubali kukataliwa. Pokea gamba jipya la kiti chako pamoja na sponji yake. Vipimo nimevichukua kwenye kiti chetu, si vimetoka kiwanda kimoja? Livute mpaka chini ya kitako, ule ubao wa kukalia, ulibane kwa pini za stepo, uanzie katikati ndipo uende pembeni. Pembe nimezishona mara mbili kwa uzi wa rangi ya chungwa, kwa ndani, hutauona. Kila kazi yangu ina uzi huo. Mwingine huandika jina lake.

Sasa kuna jambo jipya. Kiti kinasogea, lakini kikifika pale reli ilipoungwa kinagota, na miguu bado haifiki kwenye pedali. Inaning'inia tu. Mume wangu anauliza afanye nini. Halafu kitako chetu chenyewe nacho kimepata ufa mkubwa, kikikaliwa kinalia.

Mke wa mwenye baiskeli

9 Machi

Shemeji,

Sijui nianze na gamba la kiti au na hiyo miguu.

Nianze na gamba. Nimelivalisha kama ulivyoelekeza, nikakaa. Tangu nistaafu hakuna mtu aliyenitengenezea kitu kwa kipimo. Jana nimelipeleka darajani. Nilipita kwa muuza mikate, nikapita kwenye ule ukuta mrefu ambapo kuna mbwa wa kahawia anayekimbizana na gurudumu langu la nyuma mpaka mwisho wa ukuta, kisha anarudi kwao akiwa ameridhika. Darajani nikala yai langu la kuchemsha, nikatazama maji. Mtu mmoja alinipungia mkono. Nikarudi polepole.

Sasa miguu. Mtu anayeinama mlangoni, akae kwenye reli aliyoirefusha mwenyewe, halafu miguu isifike? Labda amekaa vibaya. Asimame bila viatu, mgongo ukutani, umpime kutoka njia panda ya miguu mpaka sakafuni. Nitumie kipimo hicho. Kitako nitakitafuta stoo.

Fundi

18 Machi

Kwako Fundi,

Nimempima kama ulivyosema. Sentimita sabini.

Umeniandikia habari za darajani nikazisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kabla sijavua hata aproni. Sisi huku hatuna daraja. Mbwa huyo ukimwona tena mwambie ana rafiki mwingine.

Mke wa mwenye baiskeli

29 Machi

Shemeji,

Juzi nilikwenda darajani tena. Mbwa nimempa salamu zako, akabweka mara mbili, yaani amezipokea.

Kitako hiki hapa. Stoo kilikuwa kimoja tu, kitunze.

Nilikereza reli za Pumziko kwa miaka mingi, na kila reli niliikata kwa kutazama mguu wa mtu. Mguu wa sentimita sabini si wa mtu anayeinama mlangoni, labda mlango wa banda la kuku. Huo ni mguu wa mtu mfupi, na nadhani ni wa mwanamke. Sitaki kuingia nyumbani kwa watu bila hodi. Lakini siwezi kukueleza namna ya kutengeneza baiskeli bila kujua atakayeikalia ni nani.

Hodi, shemeji. Ni mguu wa nani?

Fundi

21 Mei

Fundi,

Barua yako niliiweka chini ya sponji ya kochi la mteja nikaikalia. Nilikasirika. Nilisema, mzee huyu nani kamtuma apime nyumba za watu kwa rula? Kochi limeondoka, barua imebaki mkononi, na hasira imekwisha bila mimi kujua imekwishaje.

Karibu ndani. Mguu ni wangu.

Mume wangu hayupo. Hakufa, usinipe pole ya msiba. Alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, akaaga kama mtu anayetoka kununua chumvi. Kazi aliipata. Akapata na nyumba, na wa kuishi naye ndani ya nyumba hiyo. Haya nimeambiwa na watu, yeye mwenyewe hajaniambia neno, na huu ni mwaka wa tatu. Kila Jumamosi naipangusa baiskeli yake, naijaza upepo, nazungusha magurudumu ili matairi yasiozee upande mmoja. Nikiulizwa nasema amesafiri. Si uongo, amesafiri.

Lakini mgongo wangu, Fundi, umechoka kuinama juu ya makochi ya watu. Daktari amenikataza baiskeli ya kawaida na amenikataza kubeba mizigo. Wateja wangu wako mbali. Nikishindwa kuwafikia, karakana naifunga, na nikifunga karakana sijui nitakuwa naamka niende wapi. Ndani ya nyumba kuna kitu kimoja tu duniani ambacho mgongo huu unaweza kukiendesha, nacho kimekatwa kwa miguu ya mtu asiyekuwepo.

Umenikamata. Sasa nami nikukamate.

Kitako ulichonitumia nilikigeuza ili nikivalishe. Chini nikakuta vitundu vya stepo, vibichi, vimeanzia katikati vikaenda pembeni. Na kwenye pembe mbili, chini ya stepo zilizovunjikia humo, vipande vya uzi wa rangi ya chungwa. Huo ni uzi wangu. Kitako hicho hakikutoka stoo, kimetoka chini yako.

Uliandika kwamba juzi yake ulikwenda darajani. Ulikwenda umekaa juu ya nini?

Na tafadhali uache kuniita shemeji. Ushemeji unahitaji mtu wa katikati.

Fundi wa makochi

2 Juni

Fundi mwenzangu,

Njia ya mwongo fupi. Yangu imeishia kwenye pembe ya kiti.

Stoo sina. Stoo ni Pumziko langu, limesimama chumba cha mbele likiegemea ukuta. Kibano kilitoka kwake, kitako kimetoka kwake, na ungeniomba usukani ungeupata. Goti langu la kulia limekataa kukunjika tangu mwaka juzi. Darajani nilikuwa nakwenda kwa kalamu. Muuza mikate yupo. Ukuta upo. Mbwa sijui kama bado yupo, na hilo ndilo lililonifanya nijione mbaya, kwamba nilikupa salamu za mbwa ambaye pengine amekufa.

Utaniuliza kwa nini. Watoto wangu wananipenda, usidhani vingine. Wanakuja, wanapika, wanakaa, wanazungumza wenyewe kwa wenyewe, maana kumpigia mtu kelele kunachosha koo. Mimi wananiuliza swali moja tu, kwa mkono: umekula? Nimekula. Basi tumemaliza. Halafu ikaja barua ya mtu nisiyemjua, ananiuliza kuhusu kibano. Niliisoma nikalia, sioni haya kukwambia. Nikajua kwamba ukijua sina stoo, maswali yatakwisha. Nikaifungua baiskeli.

Sasa sikiliza habari ya reli yako. Mumeo alichomelea kipande nyuma, na pale alipounga pana kovu la chuma. Kiti chako kiko nyuma ya kovu, ndiyo maana kinagota, na ukilikwangua tu kiungo kitaachia ukiwa njiani. Kitoe kiti. Kata hapohapo kwenye kovu kwa msumeno wa chuma, kipande cha nyuma kitaanguka. Piga tupa mpaka ncha iwe laini kama kijiko. Kisha ingiza kiti kwenye reli ya asili, kitateleza mpaka mbele, na miguu yako itafika.

Lakini nikuonye kama fundi. Chuma kile ni chembamba, hakivumilii kuchomelewa mara ya pili. Ukishakata, mtu mrefu hataikalia tena, magoti yatampiga kwenye usukani. Kwa hiyo usikate leo kwa sababu mzee fulani kakuandikia. Kata siku utakayotaka kukata.

Mimi kiti sikihitaji. Kaa nacho.

Fundi asiye na stoo

15 Juni

Fundi,

Sikukasirika. Nilicheka kwanza, ukiniona peke yangu karakanani nacheka na kitako cha baiskeli ungeita watu. Baadaye sikucheka.

Msumeno nimenunua. Nikaifunga fremu kwenye meza yangu ya kazi, nikauweka msumeno juu ya kovu, nikavuta mara moja. Rangi ikatoka kidogo. Hapo nikaona kitu ambacho miaka yote ya kupangusa sikukiona: alipopaka rangi hakungoja ikauke, na pale kwenye kovu kuna alama ya kidole gumba chake. Mistari yote inaonekana.

Nikauweka msumeno chini. Nimerudi kushona.

Najua utasema nini. Mimi mwenyewe nimeshayasema yote, na kwa sauti, kwa kuwa hakuna wa kunisikia. Lakini je, akirudi? Akirudi akute nimemkatia kiti chake? Mjinga mimi, Fundi. Wiki hii nimepeleka mito miwili kwa miguu, nimerudi nikalala chini sakafuni mpaka jua likazama.

Mbwa yule kwangu bado yu hai. Usimwue.

Fundi wa makochi

28 Juni

Mke wangu,

Natumaini u mzima. Mimi mzima. Kazi inakwenda vizuri ila ninapokaa sasa ni mbali na kazini. Kuna dereva wa lori atapita huko kwetu mwisho wa Julai, nimempa maelekezo ya nyumba. Mpe ile baiskeli yangu. Aifunge vizuri, rangi isikwaruzwe. Kama pampu bado ipo aje nayo, huku ni ghali.

Wasalimie majirani.

Mumeo

30 Julai

Kwako,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara ya kwanza haraka. Mara ya pili nimeisoma taratibu, nikitafuta swali. Hakuna. Hukuuliza mgongo wangu, hukuuliza karakana, hukuuliza nilikuwa nawajibu nini watu miaka mitatu. Hata baiskeli hukuuliza kama ipo.

Ipo, lakini si ya miguu yako tena. Nimeikata.

Dereva wako ni mtu mwema, nimempa maji akanywa. Nimempa pia kile kipande cha reli ulichoongeza. Nimekifunga kwa kitambaa kizuri, rangi isikwaruzwe. Kina alama ya kidole gumba chako, ni mali yako, sikuona sababu ya kubaki nayo.

Pampu naitumia.

Majirani wanakusalimu. Wameanza kuniuliza unarudi lini, na nimewaambia kweli.

Mwenye baiskeli

2 Agosti

Fundi wangu,

Nimekata. Kabla sijapoteza ujasiri nikwambie ilikuwaje: haikuchukua hata muda wa kushona mto mmoja. Miaka mitatu nilikuwa nakiogopa chuma ambacho msumeno unakipita kama sabuni. Kipande kilipoanguka sakafuni kilitoa mlio, nikangoja nisikie vibaya. Nikasikia njaa. Nikala, nikapiga tupa, nikaingiza kiti. Kimeteleza mpaka mbele kama ulivyosema, na miguu imefika.

Jana nimepeleka mito minne upande wa pili wa mji, nimeifunga nyuma kwa kamba. Watu wameniita majina yote. Mmoja alipiga kelele, "Mama, umesahau runinga!" Nikamjibu kwamba inakuja na safari ya pili. Mgongo haukuuma, naapa. Nimeegemea, nikaona madirisha ya ghorofani, nikaona mbingu. Watu wa baiskeli za kawaida wanaona lami tu.

Niliporudi ndipo palipouma, wala si mgongo. Nilifungua mlango nikiwa na maneno mdomoni. Nyumba kimya. Pale ukutani baiskeli ilipokuwa ikisimama kuna alama ya usukani kwenye chokaa, na sasa nailaza karakanani, ni karibu na mlango. Nimebaki natazama ukuta. Sijui niweke nini hapo. Nimemkata yeye kwenye reli, lakini upweke haukuanguka naye sakafuni. Nilidhani vingeondoka pamoja.

Kitako changu chenye ufa nimekiunga kwa ubao, kimekaa imara. Kwa hiyo chako nakurudishia, usigombe. Najua goti limekataa, ndiyo maana sikukituma kama kiti cha baiskeli. Nimekipa miguu minne ya mbao, nikakiwekea mgongo wa kuegemea kwa mteremko uleule wa Pumziko, na upande wa kulia nimeongeza kibao kirefu cha kunyooshea mguu. Pembe zina uzi wa rangi ya chungwa, safari hii kwa nje. Kama kuna mahali panakukwaruza niambie, nitashona upya.

Mwenye baiskeli

16 Agosti

Kwa mwenye baiskeli,

Bahasha hii nimeiandika hivyo kwa nje pia, mleta barua akauliza ni nani huyo, nikajifanya sikusikia. Uziwi una faida zake.

Kiti kimefika. Watoto wamekifungua, wakakitazama, binti yangu akakipapasa mshono wa pembeni kwa muda mrefu, kisha akachukua karatasi akaniandikia: NANI AMEKUTENGENEZEA? Tazama, hakuuliza kama nimekula. Nikamweleza. Nilianzia kwenye kibano, na alikaa mpaka nikamaliza, akiandika maswali mpaka karatasi ikajaa, akageuza upande wa pili.

Nimekiweka dirishani. Mguu umenyooka, mgongo umelala palepale ulipozoea kulala. Nikifumba macho naenda, lakini sifumbi sana, kwa kuwa ya darajani nimeyamaliza yote na sasa nayarudia. Baiskeli yangu haina kiti wala kibano, na haitatoka tena. Nimelikubali hilo jana, kwa uchungu. Lakini yako inatoka.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Usiniandikie kwamba safari ilikuwa njema, hayo hata watoto wangu wanaweza kuniambia. Niandikie njia. Mlima unaanzia wapi kwenu? Unaupanda kwa gia ya ngapi? Kuna ukuta wowote wenye mbwa? Nani alikupungia mkono, na ulimpungia?

Na siku ile uliporudi ukafungua mlango na maneno mdomoni, ulitaka kusema nini? Niambie mimi. Nimekaa.

Fundi